Nani Shahidi wa Somo Hili?



Ndugu msomaji, na hasa wewe mzazi uliye na mtoto shuleni, juma hili naomba tutoke Pwani twende magharibi mwa nchi yetu, katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Huko ndiko anakosomea ualimu bint wa dada yangu, katika Chuo Kikuu cha Kibabii. Alirudi nyumbani likizo ya Agosti akiwa amemaliza muhula mzima wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja upande wa Kitale, nami nikapata wasaa wa kukaa naye barazani baada ya Isha na kumuuliza aliyoyaona. Aliyonieleza yanamhusu kila mwenye mtoto darasani, na kwa idhini yake nayaleta kwenu.

Kibabii si mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Ni mahali karibu na mji wa Bungoma, katika njia ya kuelekea Chwele. Pana chuo cha kufunza walimu wa diploma, na pana chuo kikuu kilichoanza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kisha kikapata hati yake chenyewe Novemba 2015. Wazee wetu waliifahamu nchi hiyo kabla ya reli wala lami. Misafara ya Pwani ilifika Mumias, kwa Nabongo Mumia, katika karne ya 19, na pamoja na nguo na shanga ikafika dini na lugha yetu. Elimu ya kwanza ya dini kufika huko ilichukuliwa na watu waliojulikana kwa nasaba zao na kwa walimu waliowasomesha. Nitalirudia jambo hili hapo mbele.

Mpwa wangu anasomea Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Shuleni alipewa Kiswahili cha gredi ya saba na ya nane, vipindi vichache vya dini, na kwa kuwa walimu hawakutosha, akaombwa asaidie somo la Kilimo. Hilo si ajabu. Tangu sekondari msingi ilipoanzishwa Januari 2023, masomo yamekuwa mengi ilhali walimu ni wachache, na mwalimu mmoja hujikuta amebeba masomo ambayo hakuyasomea. Juu ya hayo, mtalaa wa umilisi wamtaka mwalimu awe na azimio la kazi la muhula, andalio la kila somo, na vigezo vya kumpima kila mwanafunzi: nani anazidisha matarajio, nani anayafikia, nani anayakaribia, na nani yuko mbali nayo.

"Mjomba," akaniambia, "kufika wiki ya pili nilikuwa nalala saa saba za usiku. Mwalimu mwenzangu akaniona nasinzia katika chumba cha walimu, akanionyesha akili mnemba katika simu yake. Nikaandika mada, gredi na muda wa kipindi. Kabla chai yangu haijapoa, andalio zima liko mbele yangu, limepangika kuliko nilivyoweza kulipanga mwenyewe."

Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, imetangaa duniani tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, na leo ziko nyingi za namna hiyo. Ni programu iliyolishwa maandishi yasiyo na idadi, ikajifunza neno gani aghalabu hufuata neno gani. Ukiiuliza jambo, inatunga jibu neno baada ya neno kwa kufuata mazoea ya yale iliyoyameza. Baadhi ya programu hizi hupewa uwezo wa kupekua mtandao kabla ya kujibu, lakini hata hapo maneno ya jibu ni ya kutungwa, na yaweza kutungwa vibaya.

Yuko atakayesema kwamba hii si mara ya kwanza shule zetu kupokea chombo kigeni. Ni kweli. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za umma, na vilivyogawiwa vilipita milioni moja. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalisikika redioni na kuonekana katika televisheni. Lakini tazama tofauti. Somo lililokuwa ndani ya kishikwambi au redioni lilitungwa na watu na kupitiwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Lilipokuwa na kosa, palikuwa na mlango wa kubisha na mtu wa kuulizwa. Somo lililotungwa na akili mnemba usiku wa manane halijapitiwa na mtu yeyote mpaka mwalimu alisome. Asipolisoma kwa makini, wa kwanza kulipitia ni mtoto wako.

Mpwa wangu alinisimulia mambo matatu yaliyompata, na nayaeleza kwa mfuatano aliouweka yeye.

La kwanza lilikuwa katika somo la nahau. Aliitaka programu imtungie orodha ya nahau kumi pamoja na maana na sentensi za mfano. Tisa zilikuwa sawa. Ya kumi ilikuwa "mkono wa birika". Programu ikaeleza kuwa huyo ni mtu mkarimu, kwa sababu birika humimina na kuwapa wote walio karibu. Sisi tuliokulia penye birika twajua kuwa mkono wa birika ni mchoyo, aliyeukunja mkono wake kama mpini wa birika ulivyojikunja. Mpwa wangu alicheka, akafuta, akaandika maana iliyo sahihi. "Lakini mjomba," akasema, "maelezo yenyewe yalikuwa mazuri. Lau nisingeijua nahau ile tangu utotoni, ningeyaamini."

La pili lilikuwa katika somo la dini. Aliomba hadithi kuhusu usafi, akapewa maneno yaliyopangika vizuri, pamoja na jina la kitabu na nambari ya hadithi. Kwa kuwa alisomeshwa chuoni kuwa hadithi haitamkwi mpaka iangaliwe, alikifungua kitabu. Chini ya nambari ile palikuwa na hadithi nyingine kabisa, isiyohusu usafi. Akaendelea kupekua, na maneno yale hakuyapata popote. Hapa hakucheka. Alifunga simu, akalitayarisha somo lile kwa mkono wake, na tangu siku ile hakuitaka tena mashine imletee maneno ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam.

La tatu ndilo lililomuuma. Lilikuwa katika Kilimo, somo ambalo hakulisomea. Mada ilikuwa upanzi wa mahindi. Programu ikamwandikia kuwa msimu mkuu wa kupanda ni mwanzo wa mvua za vuli, mwezi wa Oktoba. Maelezo yalikuwa na mpangilio, yakitaja kina cha shimo na nafasi kati ya mche na mche. Mpwa wangu ni mtoto wa Pwani. Mahindi ayajuayo ni yale yaliyokwisha kufika sokoni. Akaingia darasani, akaandika ubaoni, na watoto wakanakili.

Kijana mmoja nyuma ya darasa akainua mkono. "Mwalimu, mwezi wa kumi hapa kwetu tunavuna."

Ndugu msomaji, Trans Nzoia ndilo ghala la mahindi la nchi yetu. Watoto wa Kitale hupanda pamoja na wazazi wao mvua za Machi na Aprili, na kuanzia Oktoba huingia shambani kuvuna. Mashine haikuwa imesema uongo mtupu, kwani Ukambani mvua za Oktoba ndizo zinazotegemewa zaidi. Ilichukua ukweli wa mahali pengine ikauleta mahali usipokuwa ukweli, wala haikuonya.

"Nilisimama pale na chaki mkononi," akaniambia, "nikaona njia mbili. Niliweza kumwambia, kaa chini, ndivyo ilivyoandikwa. Mimi ni mgeni, ni msichana, lafudhi yangu wanaichekelea tangu siku ya kwanza. Nikikubali kosa leo, kesho nani atanisikiliza? Na njia ya pili ilikuwa kukubali."

"Ukafanya nini, mwanangu?"

"Nikamwita mbele. Nikamwambia atueleze nyumbani kwao wanapanda lini, na wanajuaje kuwa wakati umefika. Kisha nikauliza darasa zima. Walijibu wote kwa pamoja. Nikafuta ubao, nikawaambia kuwa niliyoyaandika niliyatoa katika mashine na sikumuuliza mtu. Nikawaomba radhi."

Nilinyamaza kidogo. Nimewajua walimu waliofundisha miaka thelathini na neno hilo halikuwatoka midomoni.

Sasa tuyatazame mambo haya matatu kwa pamoja, maana humo ndimo ulimo ujumbe wangu wa leo. Kosa la nahau lilionekana kwa sababu mwalimu aliijua lugha. Kosa la hadithi lilionekana kwa sababu mwalimu alifunzwa kuhakiki. Kosa la mahindi halikuonekana, kwa sababu mwalimu hakulijua somo. Na ni somo gani ambalo mwalimu aliyechoka ataikimbilia mashine kwa haraka zaidi? Ni lile asilolijua. Mashine hii, basi, yatumiwa zaidi pale ambapo mtumiaji ana uwezo mdogo wa kuikosoa. Mjuzi humsaidia, na asiyejua humpoteza akiwa amemshukuru.

Wanavyuoni wetu waliijua hatari hii kabla ya mashine yoyote. Hawakuipokea hadithi kwa uzuri wa maneno yake. Waliuliza: umeipokea kwa nani, naye kwa nani, na je, watu hao walikuwa wakweli na wenye hifadhi nzuri? Ndiyo elimu ya isnadi, mnyororo wa wapokezi. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, alisafiri nchi baada ya nchi kuwatafuta wapokezi na kuyapima waliyoyapokea. Maneno mazuri yasiyo na mpokezi anayejulikana hayakuwa hoja. Akili mnemba inatuletea maneno mazuri kila sekunde, na isnadi yake ni giza. Hata ikitaja kitabu na nambari, kama tulivyoona, huenda inataja tu kile ambacho kingefanana na kitabu na nambari.

Je, mwalimu aitupe? Sisemi hivyo, na mpwa wangu hakuitupa. Aliendelea kuitumia hadi mwisho wa muhula, kwa kuipa kazi ambazo yeye mwenyewe aliweza kuzikagua. Aliandika kifungu cha ufahamu kwa mkono wake, kisha akaitaka imtolee maswali ya viwango vitatu, mepesi kwa wanaojikokota na mazito kwa walio mbele, jambo ambalo katika darasa lililojaa lingemchukua usiku mzima. Aliitaka impange ratiba ya marudio. Aliitaka imkosoe andalio lake, imwambie ni wapi mwanafunzi angeweza kutatizika. Saa alizoziokoa alizitumia kuyasoma madaftari ya watoto, akajua nani ana shida ya ngeli na nani hafungui kinywa darasani. Hiyo ndiyo kazi ambayo mashine haiiwezi, kwani haimjui mtoto wala haikumwona akiingia asubuhi na macho mekundu.

Pia alibuni jambo dogo ambalo naona lafaa kila mwalimu. Pembeni mwa andalio lake alichora safu moja zaidi akaiita "shahidi". Kila hoja aliyoileta darasani aliandika mbele yake amethibitisha kwa nani: kitabu cha kiada, mwalimu mwenzake wa Kilimo, mkulima jirani, au kamusi. Hoja iliyokosa shahidi haikuingia darasani. Ukiniuliza, hiyo ni isnadi iliyovaa kanzu mpya.

Yafaa pia tujue kwa nini mashine inajikwaa katika lugha zetu. Inajua yaliyoandikwa kwa wingi na kuwekwa mahali inapoweza kuyafikia, na Kiingereza kimeijaza kupita kiasi. Kiswahili kimo, lakini kwa uchache, na nahau zetu ni chache zaidi. Je, Lubukusu, lugha ya majumbani kwa wengi Bungoma? Watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, miongoni mwao wa Maseno na Nairobi, wameanza kulishughulikia hilo. Katika mradi uitwao Kencorpus wamekusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya, na Lubukusu ni mojawapo. Ni mwanzo mwema, na ni funzo kwetu pia. Maneno ya Kimvita na Kiamu waliyo nayo mabibi zetu, yasipoandikwa na kurekodiwa na wenyewe, mashine itawatungia wajukuu wetu maana za birika.

Dunia nayo haikulala. Septemba 2024 shirika la UNESCO lilitoa mwongozo wa umilisi wa akili mnemba kwa walimu, unaotaja stadi 15, na wa kwanza katika mihimili yake ni kumweka binadamu mbele ya chombo. Nchi yetu nayo ilizindua mkakati wa taifa wa akili mnemba Machi 2025. Ni hatua njema, ila karatasi hizo zitasaidia pale tu zitakapomfikia mwalimu aliye Kitale, Kwale au Faza, pamoja na mafunzo na muda. Mwalimu mwenye masomo asiyoyasomea anahitaji kwanza mwenzake aliyeyasomea. Mashine isiwe kisingizio cha kutomwajiri.

Nawaomba wazazi wenzangu tukumbuke na jambo moja la sheria. Mwalimu anapoiambia programu kuwa fulani bin fulani hajui kusoma, au ni mgonjwa, au nyumbani kwao pana ugomvi, habari hizo zinatoka shuleni na kwenda kuhifadhiwa pasipojulikana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka habari za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna isiyomdhuru mtoto. Mwalimu anaweza kupata msaada uleule bila kutaja jina. Aseme tu, "mwanafunzi wa gredi ya saba anayetatizika na kusoma." Sitara ya mtoto ni amana.

Basi, siku ya wazazi shuleni itakapofika, usiende kumkaripia mwalimu kwa kutumia simu. Mwalimu aliyepunguziwa mzigo ni faida kwa mwanao. Mwendee kwa adabu umuulize: je, andalio lililotoka katika mashine hulisoma lote kabla ya kuingia darasani? Katika masomo usiyoyasomea, ni nani anayekuhakikishia? Je, majina ya watoto wetu huyaingiza humo? Akikujibu kwa utulivu, mshukuru na umwombee. Akibabaika, usimwaibishe. Huenda ndiye yule anayelala saa saba za usiku, na labda unaloweza kumsaidia ni kuuliza kwa nini shule haina mwalimu wa Kilimo.

Nilimuuliza mpwa wangu, kabla hatujaagana usiku ule, kama wanafunzi walimdharau baada ya siku ya mahindi. Akasema yule kijana wa nyuma alizoea kubaki kidogo kila baada ya kipindi amweleze habari za shamba, na kwamba somo la mbolea walilitayarisha pamoja, yeye akiandika na kijana akihakiki. Katika safu ya shahidi aliandika jina lake.

Mwenyezi Mungu awape walimu wetu elimu yenye manufaa, nguvu ya kuifikisha, na ujasiri wa kusema sijui pale wasipojua. Amin. Tukutane juma lijalo, inshallah.